Kauli ya kutendea ni nyenzo bora ya kumfunza mtoto viungo vya wanyama

FUNGUA kitabu chochote cha Shughuli za Mazingira cha gredi za chini na aghalabu utakutana na mchoro wa mnyama aliyezungukwa na mishale. Mshale mmoja unaelekea kwenye pembe, mwingine kwenye kwato, wa tatu kwenye mkia. Kazi ya mtoto ni kujaza majina. Akishayajaza sawasawa, mwalimu anatia alama ya vyema na somo linakwisha.

Sina ugomvi na majina. Mtoto asiyejua kuita kitu hawezi kukizungumzia. Hata hivyo, jina ni mlango tu. Mtoto aliyejifunza kwamba ile nyama ndefu puani mwa ndovu huitwa mkonga bado hajajua lolote kumhusu ndovu. Swali linalomwingiza ndani ni lile ambalo watoto wenyewe huuliza kabla hatujawafundisha kunyamaza: hiki ni cha nini?

Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo iliyo tayari kabisa ya kulijibu swali hilo, nayo imo ndani ya kitenzi. Nyenzo hiyo ni kauli ya kutendea. Vilevile nitaonyesha kwamba kuna neno moja dogo ambalo tusipolitumia kwa uangalifu litampa mtoto elimu potovu, na huenda akakua nayo hadi chuo kikuu.

Tuanze na kauli yenyewe. Walimu wengi huifunza kama kauli ya kumfanyia mtu jambo: mama anampikia mtoto, seremala anamtengenezea mteja kiti. Hiyo ni kazi yake moja. Kauli hii pia huonyesha mahali, sababu na kifaa. Tunaposema kisu cha kukatia, chungu cha kupikia au kalamu ya kuandikia, kile kiambishi cha -ia au -ea ndicho kinachotuambia kwamba kitu hicho ndicho chombo cha kutendea kazi. Hata mkono wa kulia umepata jina lake kwa njia hiyo. Ni mkono wa kulia chakula, ndiposa wazee wetu walikuwa wakali kwa mtoto aliyetumbukiza ule mwingine katika sahani.

Kanuni yake ni nyepesi. Mzizi wenye irabu a, i au u huchukua -ia: shika huwa shikia, nusa huwa nusia. Mzizi wenye e au o huchukua -ea: chota huwa chotea. Kitenzi kikiishia kwa irabu mbili, l hujitokeza: pumua huwa pumulia, donoa huwa donolea. Mtoto wa miaka saba hana haja ya kuambiwa kanuni hii. Anaijua tayari, kwa sababu anasikia nyumbani maji ya kuogea, sabuni ya kufulia na pesa za kununulia mkate.

Sasa mpe mtoto huyo ndovu. Mkonga ni wa kufanyia nini? Atasema upesi: wa kunywea maji. Hapa mwalimu mwerevu hasemi 'vyema' wala 'la'. Anamuuliza: ndovu hunywa kwa pua? Ukweli ni kwamba ndovu huvuta maji yakaingia mkongani kisha huupeleka mkonga kinywani na kuyamimina. Kwa hivyo mkonga si wa kunywea kama mrija wa soda. Ni wa kuchotea. Tofauti ya kunywea na kuchotea ni tofauti ya mtoto aliyekisia na mtoto aliyetazama. Tena mkonga huo huo, ambao hauna mfupa hata mmoja, ni wa kunusia, wa kushikia, wa kung'olea nyasi na wa kujirushia vumbi mgongoni. Na masikio yale mapana? Nyuma yake mna mishipa mingi ya damu karibu na ngozi. Ndovu anapoyapunga, damu hupoa kabla ya kurudi mwilini. Basi licha ya kuwa ya kusikilizia, ni masikio ya kujipunguzia joto. Wahenga walisema tembo hashindwi na mkonga wake. Tunaweza kuongeza kwamba hashindwi kwa sababu kila pindo la mkonga huo lina kazi.

Zoezi hili lina faida nyingine: hufichua mahali ambapo majina yenyewe yanatupotosha. Mfano mzuri ni 'pembe za ndovu'. Pembe zile si pembe. Ni meno ya mbele ya taya la juu yaliyorefuka na kutoka nje. Pembe ya ng'ombe ina mfupa ndani na juu yake ganda gumu. Kipusa cha kifaru nacho hakina mfupa ndani yake kabisa. Kimeumbwa kwa kitu kilekile kinachounda kucha na nywele zetu. Lugha imevikusanya vitu vitatu tofauti karibu na neno moja kwa sababu vyote vinachomoza kichwani na vina ncha. Hakuna haja ya kuilaumu lugha, kwani kila lugha hufanya hivyo. Lakini mwalimu anapaswa kujua mtego uko wapi. Akiuliza, 'Vya kufanyia nini?', watoto watagundua kwamba ndovu hutumia meno hayo kuchimbia mizizi na chumvi na kubandulia magamba ya miti, kazi ambazo nyati hazifanyi kwa pembe zake.

Mtego mwingine ni neno 'manyoya'. Kuku ana manyoya, paka ana manyoya, kondoo ana manyoya. Kumbe tunazungumzia vitu viwili. Unyoya wa ndege una uti katikati na nyuzi zilizoshikana pande zote mbili. Ni wa kurukia, wa kuzuilia baridi na wa kutiririshia maji yasifike ngozini. Manyoya ya paka ni nywele. Yanamhifadhia joto, lakini hayawezi kumwinua hata hatua moja kutoka ardhini. Mtoto akipewa unyoya wa kuku mkononi na akapapasa mgongo wa paka, ataiona tofauti hiyo kabla ya kuambiwa. Pia atauliza kuhusu popo, anayeruka bila unyoya hata mmoja. Mwonyeshe kwamba bawa la popo ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu mno. Kwa namna fulani popo hurukia mikono.

Kati ya viungo vyote, hakuna kinachofaa somo hili kuliko mdomo wa ndege, maana ndege hawahitaji safari ya mbugani. Kuku yuko uani. Mdomo wake mfupi wenye ncha ni wa kudonolea punje. Bata ana mdomo mpana wenye vijimeno pembeni, wa kuchujia chakula kutoka kwa tope. Chozi, yule ndege mdogo anayemeremeta kwenye maua, ana mdomo mwembamba uliopinda wa kufyonzea mbochi. Furukombe, ambaye kelele zake wakazi wa Naivasha na Baringo wanazifahamu vyema, ana mdomo wenye kulabu wa kunyofolea minofu, na kucha ndefu za kunasia samaki. Ndio wale heroe wanaoufanya ufuo wa Ziwa Bogoria uwe wa waridi. Wao hula vichwa vikiwa vimepinduliwa, na midomo yao ina vichujio vya kunasia mimea midogo sana ya majini isiyoonekana kwa macho.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja la gredi ya pili ambapo mwalimu alileta vyombo kutoka jikoni: koleo ya makaa, chujio la chai, mrija na kijiko. Mezani aliweka punje za mahindi, karai la maji yaliyotiwa majani ya chai, na chupa nyembamba yenye sharubati. Kila kikundi kilipewa chombo kimoja na kuambiwa kijitafutie chakula. Waliopewa mrija waliinywa sharubati yote huku wenye koleo wakiigongagonga chupa bure. Kwenye mahindi, wenye mrija wakalala njaa. Msichana mmoja akasema kwa sauti, 'Mwalimu, huyu chozi hawezi kaa kwetu, kwetu ni mahindi tu.' Hiyo sentensi ndiyo kiini cha somo zima. Kiungo hakiwi kizuri au kibaya peke yake. Kizuri ni kile kinacholingana na mahali na chakula. Msichana yule alikuwa amefika hapo bila mtu kumwandikia ubaoni.

Na ndiyo, alisema 'hawezi kaa'. Wengine walisema 'bata ako na mdomo mpana'. Mwalimu hakuwakatiza, nami ninaunga mkono uamuzi wake. Ipo nafasi ya kusahihisha 'ako na' na kuifanya 'ana', nayo ni kipindi cha Kiswahili. Mtoto anayefikiri kwa mara ya kwanza kuhusu mdomo wa chozi akikatizwa kwa sababu ya sarufi atajifunza jambo moja tu: kwamba kunyamaza ni salama zaidi.

Kauli ya kutendea pia inatusaidia kupima yale ambayo sisi watu wazima tunayaamini bila kuyachunguza. Je, miiba ya nungunungu ni ya kurushia maadui? Wengi wetu tulikua tukiambiwa hivyo. Sivyo. Nungunungu hawezi kurusha mwiba. Hutikisa mkia ukatoa mlio wa kuonya, na adui asiposikia, humrudia kinyumenyume na kumdunga. Miiba hung'oka kwa urahisi ikabaki mwilini mwa simba au chui, na huenda ndiyo sababu ya kudhaniwa imerushwa.

Je, nundu ya ngamia ni ya kuwekea maji? Muulize mfugaji wa Wajir au Marsabit aliyewahi kumchinja ngamia atakwambia alichokikuta: mafuta. Ni nundu ya kuhifadhia mafuta, akiba ya siku za njaa. Uwezo wake wa kustahimili kiu unatoka kwingine, kwa mfano katika figo zinazobana maji, na katika kunywa kwa pupa anapoyapata. Ngamia mwenye kiu huweza kunywa takriban lita 100 kwa robo saa hivi. Kope zake ndefu ni za kuzuilia mchanga, pua zake hujifunga upepo unapovuma, na badala ya kwato ngumu ana nyayo pana na laini za kukanyagia mchanga bila kuzama.

Na milia ya punda milia? Kwa muda mrefu tumewaambia watoto kwamba ni ya kujifichia kwenye nyasi. Mwaka wa 2019 mtafiti Tim Caro na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambapo walivisha farasi makoti ya milia. Pange walikaribia farasi wote, lakini waliowaweza kutua kwenye milia walikuwa wachache mno. Inaelekea milia huwavuruga nzi hao waumao wanapotaka kutua. Sasa hivi jibu lenye ushahidi mzito zaidi ni kwamba ni milia ya kuzuilia pange. Mtoto anayefunzwa kuuliza 'umejuaje?' hatashtuka jibu la zamani likibadilika.

Nimesema kuna neno moja la kuangaliwa. Neno hilo ni 'ili'. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: Twiga ana shingo ndefu ya kufikia majani ya juu. Ya pili: Twiga alirefuka shingo ili ayafikie majani ya juu. Zinakaribiana sana, si hivyo? Hata hivyo, ya kwanza inaeleza kazi ya kiungo leo. Ya pili inasimulia historia, nayo ni historia ya uongo. Inamfanya mtoto aamini kwamba twiga aliyataka majani, akajinyoosha, akajinyoosha tena, mwishowe shingo ikakubali. Mfaransa Lamarck aliandika jambo la namna hiyo mnamo 1809. Maelezo ya Darwin ya mwaka wa 1859 ni tofauti. Katika kila kizazi wanyama huzaliwa wakitofautiana kidogo. Ambao tofauti yao inawafaa hula vizuri zaidi, huishi na kuzaa zaidi, na watoto wao huirithi tofauti hiyo. Mambo yakiendelea hivyo kwa vizazi vingi sana, umbo hubadilika. Hakuna twiga aliyetaka chochote. Zaidi ya hayo, madume ya twiga hutumia shingo zao kupigana, kwa hivyo majani huenda yasiwe sababu ya pekee. Ukisema shingo ni ya kupigia, mtoto wa leo atadhani unazungumzia simu, lakini hilo nalo ni somo jingine la kauli ya kutendea!

Kwa nini nina wasiwasi na 'ili'? Kwa sababu watoto tayari wameegemea upande huo. Mwanasaikolojia Deborah Kelemen wa Chuo Kikuu cha Boston alipowauliza watoto wadogo kwa nini mawe mengine yana ncha, wengi walipendelea jibu kwamba ni ili wanyama wapate pa kujikunia. Kwa mtoto, kila kitu kimewekwa kwa makusudi ya mtu fulani. Hatuna budi kumpa njia nyingine ya kueleza. Habari njema ni kwamba inawezekana. Mnamo 2014 Kelemen na wenzake walichapisha utafiti ambapo watoto wa miaka mitano hadi minane walisomewa kitabu cha picha kuhusu wanyama wa kubuni wenye mikonga, walao wadudu. Hali ya hewa ikabadilika, wadudu wakahamia ndani ya mashimo membamba. Wenye mikonga minene wakashindwa kuwafikia, wengi wakafa. Wenye mikonga myembamba wakala, wakazaa. Watoto wengi walielewa, waliweza kulitumia wazo hilo kwa mnyama mwingine, na miezi mitatu baadaye walikuwa hawajalisahau.

Waonaje basi? Kilichowasaidia watoto hao ni hadithi. Sisi tuna hazina ya ngano za usuli: kwa nini gamba la kobe lina nyufa, kwa nini fisi huchechemea, kwa nini sungura ana mkia mfupi. Sipendekezi tuzitupe. Katika ngano, tukio moja la siku moja hubadilisha ukoo mzima milele. Katika sayansi, mabadiliko madogo hulimbikizana kwa vizazi. Mwalimu anaweza kusimulia ngano, watoto wakacheka, kisha akauliza: na gamba lenyewe, liwe na nyufa lisiwe nazo, ni la kufanyia nini? Vitendawili pia vinafaa sana kwa sababu huficha jina na kutaja kazi. Popote niendapo naenda na nyumba yangu: kobe, au konokono. Waache watunge vyao. 'Nina mkono usio na mfupa, nachotea, nanusia, nashikia.' Darasa zima litapiga kelele jibu.

Methali nazo zina macho makali. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Tunaitumia kusifu subira, lakini aliyeitunga alikuwa amemtazama simba. Chini ya wayo wa simba mna vifuko laini vya kukanyagia bila kishindo, na kucha zake za kurarulia huzirudisha ndani kama panga katika ala zisichakae wala kutoa mlio. Duma hazirudishi kabisa kucha zake. Yeye ni wa mbio, na kucha hizo ni za kushikilia ardhi anapokata kona.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, unaelekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao. Kwa mamilioni ya watoto wa mijini lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini katika shule nyingi bado utawakuta wakikariri majina ya viungo kwa Kiingereza, lugha ambayo hawajaweza kuulizia swali. Wanatoka na orodha, wakaacha udadisi mlangoni. Hiyo ndiyo hasara ninayoihofia. Orodha husahauliwa baada ya mtihani, ilhali mtoto aliyeacha kuuliza akiwa na miaka saba ni shida kumrejeshea mazoea hayo akiwa na ishirini. Wale wanaofunza kwa lugha za mama wasijione wameachwa nje. Lugha za Kibantu kwa jumla zina kauli hii hii ya kutendea, na mtoto wa Murang'a au Kakamega anayo ulimini tayari.

Kwa mzazi au mwalimu atakayejaribu, ninapendekeza maswali manne kwa mfuatano huu. Hiki kinaitwaje? Ni cha kufanyia nini? Umejuaje? Na je, mnyama huyu akihamishiwa kwingine, kitamfaa bado? Swali la kwanza ni la kitabu. Hayo matatu mengine yanahitaji kuku, paka, mjusi ukutani na dakika kumi za kutazama.